Waya wa Chini

Siku waya ulipokatwa tulikuwapo watu watano. Mimi Zaina, mkubwa wa watoto; mdogo wangu Saidi, aliyevaa kofia ya Idi ingawa haikuwa Idi; kitinda mimba wetu Mariamu, pengo mbele, gauni la kijani; Mama Keza, jirani yetu wa upande wa chini, ndoo ya maji ya vyombo mkononi; na Baba mdogo Sudi, mdogo wake marehemu baba yetu, panga mkononi. Nawataja wote kwa sababu siku hizi ukoo ukikutana kuna watu hupenda kusema kwamba mambo yale ni ya zamani na hakuna anayeyajua sawasawa. Tulikuwapo. Tunayajua.

Nisingeandika haya kama Mama Keza asingeamua kujenga ukuta. Amechoka na ua wa miyenzi, ile mimea isiyo na majani, yenye utomvu mweupe unaochoma macho kama pilipili. Vijana wa kazi walipoanza kuufyeka, harufu ya ule utomvu ikapanda mpaka jikoni kwangu, nikaacha sufuria motoni nikatoka. Ni harufu mbichi, chachu kidogo, kama maziwa yaliyosahaulika. Mmoja wa wale vijana akanionyesha kigogo alichokikata. "Mama, huu mti wenu unavaa koti," akasema huku akicheka. Ndani ya gamba, nusu kimemezwa na mti, kulikuwa na kifungo cheusi cha koti, chenye matundu manne, na katika tundu moja kipande cha waya kimebaki kama uzi. Nikakichukua. Nikakifumba kiganjani kwa nguvu, na haikuwa kwa huzuni. Nilidhani hasira ile ilikwisha. Kumbe nayo ilikuwa ndani ya gamba.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtaa wa Muhima hapa Kigali, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Suti za wanaume ndizo zilizokuwa kazi yake. Lakini ujanani, Bujumbura, yeye na mdogo wake Sudi walifundishwa na mzee mmoja wa ghala la bidhaa kuzungumza kwa redio ya milio, mlio mfupi na mlio mrefu, herufi kwa herufi. Sudi aliachana nayo. Baba hakuachana nayo. Alipohamia Kigali alitafuta leseni, akapata jina lake la hewani, na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia redio ya kurushia na kupokea. Kwetu, kwenye mlima wa Rebero, juu ya meza ya chumba cha mbele, redio ile ilifunikwa kitambaa cha bitana ya suti ili vumbi lisiingie.

Baba alipenda mawimbi ya chini, yale marefu ambayo watu wengi hawayataki kwa sababu yana kelele nyingi na hufunguka giza linapoingia na kabla tu ya kupambazuka. Alikuwa akisema kurusha si kazi. "Kupiga kelele kila mtu anaweza. Kazi ni kusikia." Kwa hiyo antena ya kurushia ilikuwa moja tu, waya uliopanda juu ya paa hadi kwenye mti, lakini za kusikia alikuwa nazo tatu na kila mara alikuwa anazilinganisha kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi.

Ya kwanza ilikuwa huo huo waya wa juu. Huo ulisikia kila kitu: chaja za simu za mtaa mzima, mashine ya kuchomelea ya kule barabarani, radi za upande wa Kongo. Ya pili ilikuwa kitanzi, waya uliozungushwa juu ya fremu ya mbao, umesimama kwenye mpini wa fagio. Ukikigeuza polepole unafika mahali ambapo kelele ya jirani inazimika kama umemfunika mdomo kwa mkono. Ya tatu ilikuwa waya wa chini. Huo ulitoka kwenye dirisha letu ukateremka mlima kuelekea kaskazini, usawa wa kichwa cha mtu mzima, ukapita juu ya ua wa miyenzi, ukapita shamba lote la Mama Keza hadi mwisho wa migomba yake, na pale ukashuka kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Kila ulipogusa mti, Baba aliupitisha kwenye kifungo cha koti ili umeme wa hewani usivujie kwenye utomvu. Alikuwa na kopo zima la vifungo vilivyokosa wenzake.

Ilikuwapo michezo ya watoto wengine, sisi mchezo wetu ulikuwa huu. Baba alitengeneza swichi yenye njia tatu, akaiwekea kitambaa juu tusione anapoigeuza. Tulifumba macho, tukasikiliza. "Ya kwanza au ya pili? Au hii?" Mariamu siku zote alichagua iliyopiga kelele zaidi.

"Hii! Hii ndio inaongea sana!"

"Wewe, mama," Baba alimwambia, "unanunua nguo kwa rangi. Shika kitambaa. Kipindue, tazama upande wa ndani."

Maana waya wa chini ulikuwa na sauti ndogo kuliko zote. Ukihamia kwake ulidhani redio imekufa. Kisha sikio likatulia, na katika ule utulivu ukamsikia mtu. Mdogo, mwembamba, lakini yuko peke yake, hakuna anayemkanyaga. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba yule mtu alikuwapo pia kwenye waya wa juu, na kwa nguvu zaidi, ila kelele ilikuwa imemlalia.

Chuma cha kule mwisho kilihitaji ardhi yenye maji. Kiangazi udongo wa Rebero hukauka ukawa kama tofali, na waya unapoteza mwelekeo wake. Baba akamwomba Mama Keza awe anamwaga maji ya vyombo pale. Mama Keza ni Mnyarwanda aliyekulia Burundi, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. "Sha, mimi niko na migomba inakufa kiu, na wewe unataka ninyweshe chuma?" Lakini alimwaga. Kila jioni tulimsikia chini kule, "Kunywa, bwana chuma, kunywa ukue," na Baba akicheka mpaka anatoa pini mdomoni asije akazimeza.

Rafiki yake mkubwa, Baba hakumwona maisha yake yote. Alikuwa mzee wa nchi za kaskazini, huko ambako msimu wa baridi jua linachelewa kutoka. Sisi tulimwita Mzee wa Baridi. Kila Jumamosi, Baba akishaswali alfajiri, aliondoa bitana juu ya redio, akavaa hedfoni na kuanza kuita. Alijitaja. Majibu aliyasikia yeye peke yake masikioni; sisi tulisikia alichokipiga. Jina la hewani huanza na alama za nchi, na zile za kwetu hata Mariamu alizijua kabla hajajua kuhesabu: milio minne mirefu na mmoja mfupi, kisha mrefu, mfupi, mfupi, mrefu. Taa-taa-taa-taa-ti. Taa-ti-ti-taa. Halafu zilifuata herufi zake mwenyewe, ambazo siziandiki hapa. Tuliuimba wimbo ule tukiosha vyombo, tukienda shule. Hakuna aliyetuambia kwamba ni anwani. Tulijua ni sauti ya Baba. Alama zile zilipolia nyumbani mwetu ni yeye aliyekuwa anazipiga, na anayejitaja ni mwenye jina.

Mama alikwisha kututoka, Mariamu akiwa mchanga. Baba alifia dukani, mchana, mbele ya cherehani, suti ya mtu imebaki na mkono mmoja. Wakasema moyo. Tukamzika kesho yake, na baada ya wiki Baba mdogo Sudi akahamia kwetu na begi lake na redio yake ndogo ya kusikilizia mpira. Watu walimsifu sana. Alisimama matangani akasema kwa sauti ambayo mtaa wote ulisikia, "Hawa ni watoto wangu. Watasoma wote. Hawatalala njaa wala hawatalia." Akina shangazi wakapiga vigelegele katikati ya msiba. Mama Keza alileta maharage. Aliyaleta kesho yake pia.

Jumamosi iliyofuata niliamka kwa adhana kama kawaida. Baba mdogo alikuwa amelala. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka tu kuona ile taa ndogo ya manjano ya redio. Niliondoa bitana, nikawasha. Betri ilikuwa na moto, na kitufe cha kuchagulia mawimbi kilikuwa pale pale Baba alipokiacha. Saidi na Mariamu wakaja wakanibana kila upande, tukagawana hedfoni: Saidi sikio moja, sisi wasichana tukalibana la pili.

Kelele. Waya wa juu ulikuwa unakaanga mafuta. Nikageuza kitanzi, mafuta yakapungua, hapakuwa na mtu. Nikahamia waya wa chini, redio ikafa, tukangoja sikio litulie.

Taa-taa-taa-taa-ti.

Mariamu ndiye aliyesema. "Baba."

Taa-ti-ti-taa. Na kisha herufi zake, zile zile, polepole, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua watu wamelala. Ziliisha, zikarudi. Mwishoni palikuwa na milio mingine tusiyoifahamu, lakini nani aliijali hiyo? Nilirudisha swichi kwenye waya wa juu: hakuna. Kitanzi: hakuna. Waya wa chini: yupo. Ndiyo maana niliamini. Sikuamini kwa sababu nilikuwa mtoto mjinga. Nililinganisha, kama nilivyofundishwa, na antena ya kweli kuliko zote ilisema yupo.

"Kwa nini haongei na sisi?" Saidi aliuliza.

"Yuko mbali," nilimwambia. "Anajitaja tujue ni yeye."

Wiki ile nzima tulikuwa watu wengine. Mariamu alikula. Saidi aliacha kukojoa kitandani. Nilimwambia Mama Keza peke yake, kwa sababu chuma kilikuwa kwake. Akashika msalaba wake wa shingoni. "Mwanangu," alisema. "Mimi sijui mambo ya waya." Jioni akamwaga ndoo mbili.

Jumamosi ya pili tulijiandaa. Tulioga kwa maji baridi gizani, tukavaa nguo za Idi, zile ambazo Baba alitushonea kwa mkono wake. Nilitaka atukute tumependeza. Andika hilo kichwani mwako, msomaji wa rika langu, wewe ambaye nawe una watoto: watatu wamekaa kwenye benchi, nguo za Idi, wanamngoja baba kwenye waya.

Akaja. Safari hii alisikika wazi zaidi, mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa imelowa. Mariamu akaanza kumjibu kwa mdomo, "Baba, abee! Baba, tuko hapa!" na kelele hizo zikamwamsha Baba mdogo.

Alisimama mlangoni na shuka lake. "Nini hii? Mnaenda wapi na kanzu?"

"Baba anaongea," Saidi akasema. "Njoo, Baba mdogo. Njoo usikie."

Alizichukua hedfoni. Alikaa. Alisikiliza muda mrefu kuliko mtu anayesikia kelele tu, na hili nimelikumbuka kila siku tangu hapo: midomo yake ilikuwa inasogea. Kisha akazivua, akazima redio, uso wake umekuwa wa majivu.

"Hakuna kitu hapa. Ni kelele."

"Iko Baba!" Mariamu alilia. "Iko! Ni jina lake!"

"Nimesema ni kelele! Mmekuwa wendawazimu, nyinyi?"

Alichukua panga nyuma ya mlango. Tulimfuata nje, na kulikuwa kumeanza kupambazuka, taa za mji zinazimika kule bondeni. Alifika kwenye ua wa miyenzi akaanza. Alikata waya, akakata na matawi, utomvu ukamrukia kwenye mikono. Mama Keza akatokea upande wa pili na ndoo yake.

"Yewe, Bwana Sudi! Buretse, ngoja kwanza! Hiyo waya iko ya watoto."

"Umuganda unakuja, kazi ya mtaa mzima, ua lazima ufyekwe."

"Umuganda iko wiki ijayo, na ua ni wangu. Weka panga chini."

"Mama Keza, usiingilie nyumba ya watu."

"Nyumba ya watu? Mtu wa hii nyumba alinipa chuma ninyweshe. Wewe umenipa nini, salamu?"

Baba mdogo akampa mgongo. Aliuvuta waya kutoka upande wake, na vifungo vikawa vinachomoka kwenye miti kimoja kimoja, vinaruka kama koti linalochanwa kwa hasira. Mariamu alikimbia kuviokota, utomvu ukamwingia machoni, akaanguka akipiga mayowe. Mama Keza akaruka ua akamwosha kwa yale maji ya vyombo, hayakuwapo mengine. Baba mdogo akasimama na waya mkononi. "Watasahau," alisema. "Watoto husahau." Hakutuambia sisi. Alimwambia Mama Keza, juu ya vichwa vyetu, kana kwamba sisi tulikuwa mimea.

Redio ilichukuliwa wiki hiyo hiyo, na sikuambiwa ilikwenda wapi. Mwisho wa muhula niliacha shule. Yule aliyetangaza matangani kwamba watasoma wote ndiye aliyeniambia, akikata kucha, "Wewe sasa ndio mama yao." Nikawa mama yao. Nilikaa kwenye kibaraza kile kile cha Muhima, kwanza nikifagia vipande vya kitambaa, kisha nikishona vifungo, kisha nikishona suti. Saidi amemaliza chuo. Mariamu ni muuguzi kule hospitali ya Kibagabaga, na jicho lake la kushoto bado linatoka machozi kukiwa na upepo. Baba mdogo alioa, akahama. Sikusahau, wala wadogo zangu hawakusahau. Tulinyamaza tu, na mtu asiyejua kusikia akadhani ndiyo kusahau.

Ukweli niliupata nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimeanza kujifunza milio kwa simu, mchana kukiwa na wateja wachache, na mwalimu wa kundi letu la mtandaoni akatuma somo la namna ya kuita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, anaelekeza kama mtu anayeelekeza njia ya soko: unapomwita mtu, taja kwanza jina lake, sio lako. Jina lako linafuata mwishoni.

Niliweka mkasi mezani.

Hakuwa Baba. Alikuwa Mzee wa Baridi. Alikuwa anamwita rafiki yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, anataja jina lake kwanza kwa adabu, na lake mwenyewe mwishoni, ile milio tusiyoijali. Alikuwa gizani huko kwao anauliza, uko wapi, na upande wa pili watoto watatu wenye nguo za Idi walimsikia vizuri kabisa na hawakumwelewa.

Nilikwenda kwa Baba mdogo siku hiyo hiyo. Amezeeka, anakaa barazani na redio yake ya mpira, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Sikumsalimia vya kutosha.

"Ulijua," nilimwambia. "Ulisoma ile milio. Niliona midomo yako."

Alipunguza redio. "Nilijua."

"Na ulikuwa unaweza kumjibu. Mlifundishwa pamoja."

"Nimjibu nini, Zaina? Kwamba ndugu yangu amekufa? Sikuwa nimelisema hata mara moja kwa mdomo wangu. Ningeanzaje kulisema kwa kidole?" Akajipangusa uso. "Na nyinyi mmevaa kanzu. Ningewaambia nini, huyo si baba yenu? Nikaona nikate."

Watu niliowasimulia husema hapo ningemhurumia. Nilimhurumia kidogo. Lakini huruma haikuondoa kitu. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na uwezo wa kuwaambia watoto ukweli na kumwambia mzee ukweli, kwa milio michache, na alichagua panga kwa sababu panga halihitaji maneno. Kisha akaenda kulala. Ndiye waya wa juu, Baba mdogo. Nguvu zote, sauti yote, na katikati ya hiyo sauti huwezi kumsikia mtu.

Nikamwambia hivyo. Alirudisha redio yake juu.

Sasa ukuta unapanda. Jana nilishuka kuzungumza na fundi mwashi, nikamwomba aniachie tundu usawa wa kichwa.

"Tundu ya nini, mama? Ya bomba?"

"Ya waya."

"Waya ya umeme? Hiyo iko hatari."

"Sio ya umeme. Ya kusikia."

Aliniangalia, akaona kifungo kwenye kiganja changu, akaamua kutouliza. Ameacha tundu la kidole kimoja, amelipiga sementi vizuri pembeni. Waya nimeshanunua. Mtihani wa leseni bado sijaufanya. Jina la Baba haliwezi kuwa langu, na lile nitakalopewa mimi, Mzee wa Baridi, kama yu hai, halijui. Itabidi nilitafute lake, niliseme kwanza, kisha langu, kisha nimwambie habari ambayo alistahili kuipata alfajiri ile.

Nilipokuwa napanda kurudi, nilipita kwenye migomba ya Mama Keza. Mgongo wake umepinda siku hizi, lakini ndoo ni ile ile. Pale mwisho wa shamba udongo ulikuwa mweusi, umelowa, na chuma kimesimama katikati yake kina kutu mpaka kwenye ncha. Miaka yote hii hakuna waya uliokifikia.

"Bado unakinywesha?" nilimuuliza.

"Nani aliniambia niache? Baba yako alisema nimwage. Hakusema lini nitaacha." Akaweka ndoo chini, akashika kiuno. "Na wewe, Zaina. Yule mzee wa watu uliyenisimulia, aliyekuwa anaita. Umemjibu?"

"Bado," nikamwambia.